Kaunta buku za baba

Wiki mbili nyuma nilivuka kwenda Pemba kumwangalia baba. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na keshapangiwa siku ya kupasuliwa. Nilidhani atataka tuzungumze habari za hospitali. Nikamkuta kakaa juu ya mkeka, mbele yake boksi la sabuni limejaa madaftari. Hata chai sijaimaliza akaniambia, "Kaa hapa unisomee. Nataka nijue nani namdai na nani ananidai, kabla sijenda kulala kwenye kitanda cha watu."

Madaftari yale nayajua hata kwa harufu. Ni kaunta buku za kwaya tatu, migongo myekundu, kurasa zimeingia mafuta ya taa na unga wa ngano. Nyingi mwandiko ni wangu. Baba mkono wake mzito, kwa hiyo tangu nikiwa darasa la nne nilikuwa nikitoka skuli napitia dukani, nakaa juu ya debe, yeye anapima na kutaja, mimi naandika. Huku Unguja watu wakinitambulisha husema, "Huyu mtoto wa diwani." Udiwani wa baba ulikuwa wa miaka mitano. Duka alikaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na bila ya lile duka asingelikuwa diwani wa kitu chochote.

Duka letu lilikuwa Konde, si mbali na soko. Mlango wa mbao wa vibao, mtu anavipachika kimoja kimoja usiku kwa mpangilio wake, na nje baraza ya saruji. Ndani mchele wa mapembe, sukari, unga, sabuni za mche, mafuta ya kula ya kupima kwa kibaba, ndara, betri za redio, kanga zimening'inizwa juu. Asubuhi wanaonunua kwa fedha taslimu ni wachache. Wengi wanaofika wanasema neno moja tu: "Niandikie."

Kwa asiyejua, kuendesha duka la kuandikia watu ni elimu. Baba alikuwa na kalenda tatu kichwani. Ya kwanza ni ya karafuu. Watu wa mashamba hulipa karafuu zikishuka, basi miezi ya kati unawalisha kwa imani. Na karafuu si mti wa kuaminika, mwaka huu unazaa mpaka matawi yanakatika, mwaka wa pili unakutolea majani. Pemba imeishi hivyo tangu kimbunga cha 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja kikatuachia ya kwetu. Kalenda ya pili ni ya bahari. Wavuvi wa Tumbe hulipa kwa kufuata giza na mbalamwezi, maana dagaa na mwezi haviendani, na kuna wale wanaokwenda dago, kambi za uvuvi wa mbali, miezi, mke anabaki anaandikiwa, mume akirudi anakuja na noti zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki zina chumvi. Ya tatu ni ya mwani. Kilimo hicho kimeingia Zanzibar mwaka 1989, na kwa mara ya kwanza baba akaanza kuwaandikia wanawake kwa majina yao wenyewe. Kabla ya hapo kwenye daftari walikuwa "mke wa" au "mama wa". Nilipokuwa nikiwasomea hesabu zao wale wakulima wa mwani, wengine walikuwa wananiambia nirudie jina, si deni.

Baba aliandikisha watu kwa alama. Soma kurasa za mwaka 1999 utakuta: Bibi wa mwembe mkavu, mchele kibaba 1, sukari robo. Fundi baiskeli, betri 2. Mama wa pacha, unga kilo 2, ameahidi Ijumaa. Ukizisoma zile kurasa mfululizo unajua nyumba gani imepata mgonjwa, maana sukari inapanda na mchele unashuka. Unajua nani kaoza mtoto. Unajua nani kafiwa, kwa sababu siku moja jina linachukua mchele wa watu arubaini na mwezi mzima baadaye haliji dukani kwa haya.

Mtaji aliupata hivi. Alizaliwa miaka ya hamsini mwanzoni, ujana wake ukaangukia miaka ya foleni, sabuni kwa foleni, mchele kwa foleni, mtu anapanga jiwe kushika nafasi yake. Mwaka 1984 Mzee Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar, biashara ikafunguliwa, mwenye chake akaruhusiwa kuleta bidhaa. Baba alikuwa na mikarafuu minane ya urithi. Akaikodisha misimu miwili, akashika fedha, akavuka kwenda Mombasa, akarudi na kanga, sabuni na betri. Akauzia juu ya meza. Miaka mitatu mbele akajenga lile banda, halafu saruji. Hayo nimesimuliwa. Ninayofuata kuyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Sitavitaja vyama. Aliyeishi Pemba baina ya 1995 na 2001 hahitaji kutajiwa. Ulikuwa wakati ambao watu wa upande mmoja hawazikani na wa upande wa pili, harusi zinasusiwa, msikiti mmoja unakuwa na jamaa mbili. Na maduka vile vile. Kulikuwa na duka la upande huu na duka la upande ule. Baba upande wake ulijulikana, hakuuficha wala hakuugeuza mpaka leo. Lakini ndani ya daftari upande haumo. Nilipokuwa na miaka kumi na moja, jioni moja baada ya alasiri, alikuja Bibi wa mwembe mkavu. Yeye alikuwa wa upande wa pili, na mwanawe ndiyo kabisa, na kijana wa kumbebea mzigo hapati tena pale mtaani. Barazani walikaa wanaume kama sita. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, ile ya kumheshimu baba, "Ami, huyu usimpimie."

Baba hakujibu. Alichukua kibaba, akachota mchele, akausawazisha kwa kiganja kama anavyofanya siku zote, akamimina ndani ya kikapu cha yule bibi. Akapima sukari robo, akaikunja kwa karatasi. Akanigeukia mimi: "Andika." Nikaandika. Kisha akasema, "Mchukulie bibi yako mpaka kwake, na urudi kabla ya magharibi." Nikakibeba kile kikapu kichwani, nikapita mbele ya wale wanaume sita, na nakumbuka mmoja alivuta miguu ili nisimguse.

Kuanzia kesho yake baraza ilikuwa tupu. Si siku moja wala wiki. Karibu msimu mzima wa karafuu watu wa upande wetu wenyewe walipita mlangoni kwenda kununua mbele. Salamu wanatoa, Waislamu hatunyimani salamu, ila hawasimami. Unga uliingia fukusi, tukawapa kuku. Mama akauza bangili zake mbili. Baba alikuwa akifungua asubuhi ile ile saa kumi na mbili, anafagia, anamwagia maji baraza ambayo hakuna anayeikalia. Mimi nilikuwa nimemkasirikia. Niliona ametutia njaa kwa ajili ya kibaba cha mchele ambacho hata hakijalipwa.

Kisha ikaja Januari 2001. Yaliyotokea tarehe 27, siku ya maandamano na risasi, kila mmoja wetu anayo yake ya kusimulia, na mimi yangu siyaandiki hapa. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Ndani ya daftari la mwaka ule kuna kurasa mbili nzima baba aliniambia niandike pembeni "kavuka". Sikuandika kiasi, niliandika kavuka tu, jina kwa jina. Walipoanza kurudi, wengine walifika dukani hata nyumbani kwao hawajafungua milango vizuri, na walilipa. Hakuna aliyewatuma. Na waliporudi walikaa barazani. Hivyo ndivyo baraza ilivyojaa tena, bila ya mtu kumuomba mtu radhi.

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif, kiongozi wa upinzani, walikutana Ikulu wakashikana mikono. Tuliisikia kwa redio ya dukani. Julai 31 ya mwaka uliofuata tukapiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 66 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ndipo wazee watatu walipomjia baba baada ya isha. Wakamwambia, udiwani safari hii unataka mtu ambaye pande zote mbili zishawahi kula kwake. Mmoja wao, naapa, alikuwa mmoja wa wale sita.

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Walipoondoka alizungumza, na maneno yake nimeyashika: "Mteja ukimuudhi leo, kesho njaa itamrudisha. Mpiga kura ukimuudhi, atakungoja miaka mitano. Na wote hao ni watu wale wale, mume wangu. Utawadai kwa mdomo gani?"

Baba akasema, "Nitawadai kwa mdomo huu huu."

Kampeni haikuwa na mambo mengi. Alizunguka kwa baiskeli. Kila nyumba alijua watoto wangapi na nani mgonjwa, kwa sababu ya yale niliyokueleza. Kuna neno moja lililonishughulisha miezi ile. Watu walikuwa wanahangaikia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, bila kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi huandikishwi, wengine wanatafuta vyeti vya kuzaliwa ambavyo mama zao hawakuwahi kuvishika. Wanakaa barazani kwetu wanamuomba baba awaandikie barua. Nikawa nawaandika mara mbili, juu ya karatasi ya barua na ndani ya kaunta buku. Yule mwenye shida ya kuandikishwa ndiye yule mwenye kuandikiwa. Oktoba 31, 2010 wakamchagua.

Ule mwaka umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga nao uliingia Pemba, tukanunua friji, na nadhani kwa muda wa miezi minane baba alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wakati wowote nimjuao. Alishona kanzu mpya ya kwendea kikao. Alikuwa na mkoba wa ngozi ya bandia ambao ndani yake mlikuwa na kalamu mbili, miwani na risala za watu. Alisema Baraza la Madiwani na baraza ya duka tofauti yake ni viti.

Lakini maneno ya mama yalianza kutimia. Kulikuwa na suala la ushuru wa soko. Halmashauri ikitaka kuzoa taka na kuezeka inahitaji fedha, na fedha yenyewe ni ushuru wa wale wale wauza muhogo na ndizi wanaotandika chini. Baba faida ya kila mmoja aliijua kwa senti, kwa sababu mtaji wa muhogo wengi waliuchukua kwake. Alisimama kikaoni akasema kiwango kipandishwe kwa wenye vibanda, wanaotandika chini waachwe kama walivyo. Akashindwa, kikapanda kwa wote. Aliporudi hakuwaambia akina mama wale kwamba yeye alikataa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema baraza likishaamua ni la wote, na yeye ni mmoja wao. Wiki ile alinunua muhogo wote uliobaki sokoni jioni, siku nne mfululizo, tukala muhogo mpaka ndugu zangu wakalia.

Na deni. Mtu anakuja anachukua mchele, nikimtajia hesabu yake ya nyuma anacheka, "Mwanangu, mimi nimempa babako kura, bado ananidai?" Hakuwa mbaya yule mtu. Alidhani hivyo ndivyo inavyokuwa. Kura kwake ilikuwa malipo, ametoa alichonacho. Baba zamani angemwambia kwa utulivu, bwana lete kidogo kidogo. Sasa ananyamaza, kwa kuogopa ionekane diwani anawabana watu. Kurasa zikawa zinajaa upande mmoja tu, mkono wa kulia ule wa malipo mweupe.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba. Idi ilikuwa imepita siku chache tu, watu walikuwa wanarudi makwao na skuli zinafunguliwa. Baba alikuwa na mzigo mle, mapolo 30 ya mchele na magodoro, vyote vya mali kauli, uchukue sasa ulipe ukishauza, kutoka kwa tajiri mmoja wa Darajani, mjini Unguja. Siku ile nzima sikumsikia akiutaja mzigo. Alivuka kwenda Unguja na jamaa za watu wa wadi yake, wakaenda viwanja vya Maisara zilikolazwa maiti zitambuliwe.

Aliyoyaona pale alinisimulia mara moja tu. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kaka yake alipita mbele yake mara mbili hakumtambua, bahari ilikuwa imembadilisha. Baba aliitambua kanga. Doti ile aliiuza yeye wiki ya mwisho wa Ramadhani, ilikuwa imebaki moja, na mwanamke aliisumbukia bei mpaka baba akamwachia. Akamshika mkono yule kaka akamwambia, "Rudi pale. Tazama pindo." Wakamchukua wakenda kumzika.

Alirudi Konde siku ya nne. Usiku baada ya kufunga duka akaniambia nilete daftari na kalamu. Nikakaa juu ya debe kama kawaida yangu, nikafungua. Akaninyang'anya kalamu kwa upole. Sijapata kumwona akiandika zaidi ya jina lake. Akawa ananiuliza, fulani yuko ukurasa gani, namfungulia, anapiga mstari juu ya deni, na pembeni anaandika kwa ule mkono wake mzito: nimesamehe. Majina saba. Moja lilikuwa la yule mama, kanga doti 1, bado nusu. Maiti anayedaiwa si jambo dogo kwetu, kila mtu anajua, ndiyo maana jeneza haliondoki mpaka msemaji aulize kama kuna anayemdai marehemu. Lakini kuna waliozikwa kwa haraka, na kuna ambao bahari haikuwarudisha kabisa, nani angewasimamia kuuliza? Daftari la wapiga kura nalo lina utaratibu wa kuwaondoa waliokufa, jamaa anatoa taarifa, jina linafutwa. Baba hakuyafuta. Alipiga mstari juu ya deni, jina kaliacha linasomeka.

Mzigo ulibaki deni lake yeye. Yule tajiri wa Darajani alimpa muda, ila alimdai, na haki yake kudai. Ilichukua miaka miwili na zaidi. Karafuu mwaka ule bei ilikuwa imepandishwa sana, watu walijenga, wengine walinunua vespa. Sisi mikarafuu yetu minane tuliiuza, miti si msimu. Baba hakuenda kwa mtu wa serikali kuomba asaidiwe kwa kuwa diwani. Mama alimuomba afanye hivyo. Alisema, kuna wajane wamo ndani ya foleni ile.

Mwaka 2015 wazee walikuja tena. Aliwapa chai, akawaambia mtaji umekwisha. Walidhani anasema mtaji wa kampeni. Uchaguzi wenyewe wa Oktoba ulifutwa siku tatu baadaye na ukarudiwa Machi 2016, na katika miezi ile niliiona baraza ya Konde ikianza kugawanyika upya, watu wakiangaliana kabla ya kukaa. Baba alikuwa anafungua duka lenye rafu tatu zenye vitu na nyengine tupu. Alilifunga moja kwa moja mama alipofariki.

Basi hiyo ndiyo kazi niliyokwenda kuifanya. Siku mbili, asubuhi mpaka adhuhuri, nasoma, yeye kafumba macho. Nikifika kwenye jina anasema "huyo kafa, samehe", au "huyo yuko Oman, muache", au "huyo mwanawe ana shida sasa hivi, pita." Niliwahi kumuuliza kama anaujutia udiwani. Alinyamaza muda mrefu nikadhani kalala. Akasema kuna bomba la maji lilifika pale msikitini wakati wake, na ukweli lipo, linatoka maji siku za kutoka. Akasema soma.

Nikafika ukurasa wa Bibi wa mwembe mkavu, mwaka 1999. Mchele kibaba 1, sukari robo, mwandiko wangu wa mtoto, herufi zimelala. Mkono wa malipo mweupe. Nikamwambia, "Baba, huyu bibi hakulipa kabisa."

Akafumbua macho, ingawa haoni. "Alilipa. Wewe ulikuwa skuli. Alileta pweza mkavu, mkubwa, kamfunga kwa ukindu. Hamkumla nyinyi?"

Nikakumbuka pweza. Siku zile za unga wenye fukusi, mama alimpika kwa nazi, na hakuna aliyetuambia katoka wapi.

"Kata," baba akasema. Nikachukua kalamu nikakata.